Mnanaa Wenye Malengelenge

Mwaka 2012, masika yalipokuwa yakielekea ukingoni, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, mjane wa mwaka mmoja, na mwanafunzi wa kidato cha pili katika madarasa ya alasiri ya watu wazima. Nayaandika mambo hayo matatu kwa pamoja kwa sababu ndugu wa marehemu mume wangu waliyatamka kwa pamoja, kama makosa matatu ya mtu mmoja. Mwezi uliopita tulimzika Ambakisye, mdogo wake mume wangu, hapa hapa Bujonde. Nilipika, nilisugua masufuria, nilikaa kwenye mkeka siku zote zilizostahili. Sikulia. Binti mmoja wa ukoo, aliyezaliwa baada ya mambo haya, alinisogelea jikoni akaninong'oneza, “Bibi, watu wanakuangalia. Yale ya mnanaa si yalishapita?” Nilimjibu kwamba yalipita kwa sababu nilishinda. Ningeshindwa, yangekuwepo hadi leo, na mimi ndiye ningekuwa nimepita. Akaendelea kuchambua mchele, nami nikaona ni afadhali niyaandike kabla hayajasimuliwa na watu wenye huruma.

Jiko langu la wakati ule lilikuwa la matofali mabichi, limeezekwa bati moja jipya na mabati matatu ya zamani, na mlango wake ulitazama mfereji unaotoa maji ya mvua kwenye migomba. Kati ya mlango ule na mfereji palikuwa na kipande cha ardhi chenye umbo la kisigino, chenye unyevu mwaka mzima, na hapo ndipo ulipokuwa mnanaa. Mume wangu aliuleta kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, vitawi vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, akavifukia kwa vidole bila jembe. Alipofariki nilikuwa nimeshajifunza kuukata asubuhi kabla ya jua, kuufunga mafungu kwa nyuzi za mgomba, na kuupeleka kwa wauza chai wa Kyela mjini na wa mpakani Kasumulu, ambao waliuchemsha pamoja na tangawizi. Kisigino kile kilininunulia daftari, mafuta ya taa na dagaa wa ziwani. Kilinipa pia kitu ambacho mjane hapewi bure: sababu ya kuondoka nyumbani na kurudi bila kuulizwa. Ambakisye, ambaye alikuwa akinunua kakao kwa wakulima na kuipeleka kwa matajiri, alikitazama kisigino hicho kwa jicho la mtu anayepima. Alitaka kupanda kakao mpaka kwenye mfereji. Mume wangu alipokuwa hai, hakulisema hilo. Arobaini ilipopita, alianza kulisema kila siku.

Lazima nieleze desturi moja, kwa kuwa bila hiyo hakuna atakayeelewa jinsi uongo mdogo ulivyoweza kusimama kwa miezi mitatu. Kwetu Unyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hazungumzi naye, hali alipo yeye, hapiti njia anayoipita, halitaji jina lake. Akimwona kwa mbali huinama au hujificha hadi mzee apite. Siku hizi vijana wanakaa na wakwe zao wakitazama televisheni, na sisemi ni vibaya. Lakini nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa zile za mwisho kuishika desturi hiyo kwa ukamilifu, nami niliishika tangu nilipoolewa, kwa hiari na kwa fahari, kama mtu anavyoshika kazi aliyoimudu. Nyumba ya mzee ilikuwa upande wa pili wa mfereji, juu kidogo, na uani kwake palikuwa na matuta ya maharage. Sikuwahi kuyaona. Nilijua yapo kwa sababu mboga yake ilisifiwa. Jina la mzee sitaliandika humu, na msomaji asilione pengo hilo kuwa usahaulifu.

Jumapili ya tarehe 17 Juni, baada ya ibada, Ambakisye alikuja jikoni kwangu nikiwa napika ndizi na maharage. Hakungoja kiti.

“Ugonile, shemeji,” nilimsalimu.

“Mzee amesema mnanaa ung'olewe.”

Nilipunguza moto kwanza. “Kwa lipi?”

“Maharage yake yanaandikwa. Majani yote michirizi myeupe, kama mtoto kachezea chaki. Ugonjwa umetoka kwako. Mnanaa wako nao umejaa meupe, watu wameuona. Amesema ung'olewe, kipande kirudi kwenye ukoo, tupande kakao ambayo haina magonjwa ya kuokota.”

“Amesema lini?”

“Unamuuliza Mzee tarehe?” Alicheka, akaokota kipande cha ndizi sufuriani kwa vidole. “Haya, shemeji, wewe ni msomi. Nenda ukamuulize mwenyewe.”

Alijua siwezi. Nami nilijua kwamba anajua. Nimekuwa nikifikiri, katika miaka hii, kwamba desturi haikuwa adui yangu hata siku moja. Adui alikuwa mjumbe. Ukuta uliojengwa ili watu wawili waheshimiane ulimpa mtu wa tatu kazi ya kupita mlangoni na kubeba maneno, naye akagundua kwamba hakuna anayempekua. Alipotoka nilichukua sufuria, nikamwaga ndizi zote alizogusa, nikala maharage matupu.

Kesho yake niliyachunguza majani yangu kwa mara ya kwanza kama kitu chenye habari. Ni kweli yalikuwa na meupe. Niliyabeba darasani ndani ya kitabu cha jiografia. Darasa letu lilikuwa chumba cha shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yetu yakigonga mbao. Mwalimu wa baiolojia aliitwa Bupe, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mkavu wa maneno, mwenye soksi ndefu hata kwenye joto la Kyela.

“Umeleta majani au umeleta kesi?” aliniuliza nilipomaliza kueleza.

“Vyote viwili, mwalimu.”

“Kesi iache nje. Jani libandike kwenye kioo cha dirisha.”

Nilibandika. Mwanga ulipopita ndani yake niliona kilichokuwa kimefichika: weupe ule ulikuwa utupu, nafasi kati ya ngozi ya juu ya jani na ngozi ya chini, na ndani ya utupu huo kulikuwa na kitu kidogo kinachopumua, buu la rangi ya siagi, likila nyama ya jani bila kutoboa ngozi. Wanafunzi wenzangu walisogea. Mmoja, fundi baiskeli, akasema, “Kumbe mwizi anakaa ndani ya ukuta!” Mwalimu hakucheka. Alisema weupe si jina la mdudu. Wadudu wanaokaa ndani ya jani ni wengi, nao hawali kwa namna moja. “Ukiona alama ya tairi kwenye tope unajua jina la mwenye baiskeli?” alimuuliza fundi. Kisha akanigeukia. “Tazama umbo la njia. Tazama kinyesi kimelala wapi. Halafu mfuge hadi akue, umwone usoni. Bila hayo matatu, mama, usiseme neno mbele ya mtu anayekuchukia.”

Ushauri wa mwisho haukuwa wa baiolojia, lakini ndio nilioushika kwanza. Nilichukua chupa mbili za jemu, nikaweka majani na maji kidogo chini, jinsi tunavyohifadhi mchicha, na baada ya siku chache yakaota ukungu wa kijivu na mabuu yakafa. Mwalimu alizitazama zile chupa akasema nimepika supu. Alivua soksi yake moja mbele yangu, akaikata vipande, akanionyesha: chini gazeti kavu, juu kitambaa cha soksi kilichofungwa kwa mpira, mahali penye kivuli. Chupa za pili niliziweka juu ya kabati la vyombo, chumbani nilimolala, na nikawa nazitazama kabla ya kusali na baada ya kusali.

Majani ya mnanaa niliweza kuyapata. Maharage ya mzee je? Hayo nisingeweza kuyafuata bila kukanyaga njia yake. Niliyapata kwa mkono wa Sekela, mke wa Ambakisye. Jiko lake na langu yalitenganishwa na mfereji tu, moshi wake ulinijia na maneno yake pia. Alikuwa akichuma majani ya maharage kwa ajili ya mboga, na yale yaliyoharibika alikuwa ameanza kuyatupa upande wangu wa mfereji kwa makusudi, akipaza sauti ili majirani wasikose.

“Mama Lugano! Njoo usome somo la leo! Vitabu vimekuchosha, soma majani!”

Nilitoka, nikainama, nikayaokota moja moja, nikayapanga kwenye ungo. “Ndaga fijo, mama Bahati,” nilimshukuru. “Kesho ongeza.”

Hakuelewa, na kutoelewa kulimkasirisha zaidi. Aliongeza. Kwa wiki mbili alinipelekea ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na matusi, nami nilivipokea vyote. Jioni nilimsikia akimwambia mumewe kupitia ukuta wa matete, “Anafuga vitu chumbani. Nimeona chupa zimevalishwa soksi.” Mumewe akajibu, “Acha afuge. Tutavitaja barazani.” Kuanzia hapo wanawake wawili wa kwaya waliacha kukaa karibu nami kanisani. Mnanaa wangu haukununuliwa tena na mama mmoja wa Kasumulu, ambaye alinitazama mikono kana kwamba ilikuwa na kitu. Sikumweleza lolote. Nilimtakia biashara njema, nikavuka barabara kwa mwendo wa kawaida.

Sasa niseme nilichokiona, kwa kuwa nilijifunza kukisema kwa utaratibu. Kwenye majani ya maharage njia ilikuwa uzi: mwembamba mwanzoni, ukipanuka kadiri buu linavyokua, ukijipinda bila kujikata, na ndani yake kinyesi kimelala kama mshono mweusi, mara kushoto, mara kulia. Kwenye mnanaa wangu hapakuwa na uzi. Palikuwa na lengelenge, mfuko mpana uliovimba katikati ya jani kama ngozi iliyoungua na maji ya moto, na kinyesi chote kimerundikwa pembe moja. Kutoka kwenye chupa ya maharage walitoka nzi wadogo sana, weusi mgongoni, wenye doa la njano. Kutoka kwenye chupa ya mnanaa, asubuhi moja ya Julai, alitoka nondo asiyezidi urefu wa punje ya mchele, mwenye mabawa ya rangi ya fedha na mistari ya kahawia. Alikaa kwenye soksi akitikisa vipapasio vyake. Mwalimu Bupe hakujua jina lake la kitabuni, wala mimi silijui hadi leo. Nilijua tu kwamba hakuwa nzi. Nzi hazai nondo, na nondo hakuyaandika maharage ya mtu.

Ambakisye alipeleka shauri kwenye baraza la kata mwezi Agosti, kwa niaba ya mzee, alivyosema. Lilipangwa kusikilizwa Jumatano, tarehe 12 Septemba 2012. Usiku haukunisumbua; nililala. Asubuhi nilivaa gauni la zambarau nililoshona kwa ajili ya kumaliza msiba, nikajitanda kanga, nikachukua chupa zangu na ungo. Nilipofika, nilikuta mzee ameletwa na ameketi ndani, ukutani. Sikumwona. Niliona mkongojo wake tu, umeegemezwa kwenye kizingiti, nikarudi nyuma. Mwenyekiti wa baraza, mzee wa kabila letu aliyezijua nyumba zetu, aliamuru nikalie kiti nje, chini ya dirisha la nyuma lenye nondo za chuma, mgongo wangu ukiwa ukutani. Ndani ya chumba, mzee naye aliuegemea ukuta huo huo. Tuliketi hivyo, mgongo kwa mgongo, na tofali kati yetu.

“Mama, unasikia huko nje?” mwenyekiti aliuliza.

“Nasikia kuliko walio ndani, mwenyekiti.”

Watu walicheka. Ambakisye hakucheka. Alisimama, akaeleza vizuri. Sitamnyima hilo, alikuwa na ulimi wa kuuza. Alitoa vifurushi viwili, kimoja cha majani ya maharage, kingine cha mnanaa. “Wajumbe watazame wenyewe,” alisema. “Michirizi ni ile ile. Huu ni mnanaa wa mke wa marehemu, nimeuchuma kwake jana. Ugonjwa umetoka hapo. Na nyumbani anawafuga kwenye chupa, hilo mke wangu ameliona kwa macho.” Wajumbe walipokezana. Nilisikia mmoja akisema, “Kweli, ni ile ile.” Nikaomba nipewe jani moja la mnanaa ule kupitia dirishani.

Niliinua lile jani kwenye jua. Nataka niandike hapa kwamba moyo wangu ulisimama, kwa sababu ulisimama. Ulikuwa uzi. Mwembamba mwanzoni, ukipanuka, mshono mweusi mara kushoto, mara kulia. Nililinusa: mnanaa kabisa, na wa aina yangu. Kwa muda wa pumzi chache niliamini kwamba nilikuwa nimekosea, kwamba nzi walikuwepo kwangu na sikuwaona, kwamba kiburi changu chote kilisimama juu ya chupa moja ya jemu. Kisha nikakumbuka kwamba majani yangu niliyatazama kila asubuhi nikiyakata, kila fungu, tangu Juni.

“Mwenyekiti,” nilisema, “mnanaa huu haukuota kwangu.”

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu. “Umeota kwa nani, basi?” Ambakisye alipaza sauti. “Kyela nzima nani mwingine ana majani ya kunukia? Kabakiza kuukana mnanaa wake mwenyewe!”

Nilipitisha chupa zangu kati ya vyuma vya dirisha, ya nzi na ya nondo, na ungo wa majani makavu, nikaeleza lengelenge na uzi kwa maneno yale yale niliyoyaandika hapo juu. Sikuomba waniamini. Niliomba waende. Mwenyekiti, mtu ambaye hakupenda kukaa, alikubali. Mzee alibaki kitini, sisi wengine tukatembea hadi kwenye kisigino changu cha ardhi. Wajumbe walichuma wenyewe, katikati na pembeni, karibu na jiko na karibu na maji. Waliinua majani juani kama watu wanaotazama noti bandia. Malengelenge, na malengelenge, na malengelenge. Hakuna uzi. Sekela alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake, mikono ina unga, na nilimwona akimtazama mumewe, kisha akitazama chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba jibu lipo, na kwamba yeye analijua.

Tuliporudi, mimi chini ya dirisha langu, mwenyekiti hakuketi.

“Bwana Ambakisye, mnanaa huu uliuchuma wapi?”

“Kwake. Pembeni.”

“Tumetoka pembeni.”

Kisha nikasikia, nyuma ya mgongo wangu, sauti ambayo katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, ikiita mbuzi au ikiomba dua.

“Nileteeni hayo majani.”

Alipelekewa. Alichukua muda, nadhani aliyanusa.

“Huu ni wangu,” alisema. “Uko nyuma ya bafu langu, unagusana na matuta ya maharage. Aliyeupanda ni marehemu. Alitoka Karonga na vitawi kwenye kitambaa kimoja, akaugawa, nusu kwake, nusu kwangu. Naunywa kila asubuhi.”

“Na habari ya kuung'oa wa mkamwana wako?” mwenyekiti aliuliza.

“Sijawahi kuisema. Nani anang'oa anachokinywa?” Akakohoa. “Ambakisye, uliponiletea chai jana asubuhi ulisema umechuma mwingi ili ukaushe.”

Mume wangu hakuwahi kunieleza juu ya nusu ile ya pili, kwa sababu habari za uani kwa baba yake hazikuwa za kuletwa mezani kwangu. Ambakisye alilijua hilo. Alijua kwamba mimi sitauona kamwe mnanaa wa mzee, na mzee hatauona kamwe wa kwangu, na kwamba majani yanaweza kubadilishwa kati ya watu wawili wasiotazamana bila yeyote kuuliza. Asichokijua ni kwamba mdudu hahamishwi kwa maneno. Aliketi, na kwa miaka kumi na zaidi iliyobaki ya maisha yake hakunisalimu, nami sikumdai salamu.

Mwenyekiti alisoma uamuzi alasiri ile ile. Kipande kile ni cha mke wa marehemu na watoto wake. Mnanaa hautang'olewa. Wadudu wa maharage watashughulikiwa na mwenye maharage. Walinipitishia karatasi dirishani, nikatia sahihi juu ya goti, nikairudisha. Watu wakaanza kutoka. Mtu aliyemshika mzee mkono alimleta kwa mlango wa nyuma, ambao ulikuwa hatua chache kutoka kitini pangu, na hapakuwa na pa kujificha. Nilisimama, nikageukia ukuta, nikavuta kanga hadi usoni. Nilisikia mkongojo ukigonga sakafu, kisha ukigonga udongo. Ulipofika nyuma yangu ulisimama. Harufu ya mnanaa ilinifikia, ile ya majani aliyokuwa bado ameyashika. Hakusema neno, kwa kuwa haikuruhusiwa, nami sikugeuka. Nilikuwa nimeshinda mbele ya kata nzima, na shahidi wangu alisimama nyuma yangu, na nilimheshimu kwa njia pekee tuliyopewa: nilitazama tofali hadi mkongojo ulipoanza tena kugonga na kwenda zake.